Wati nane, spika za marehemu baba na waya wa bei ya pikipiki

Assalaam aleikum, mzee wetu.

Nakuandikia kutoka Mji Mkongwe, Unguja, kwa jambo ambalo kwa wengine linaweza kuonekana dogo lakini kwangu limekuwa zito. Marehemu baba yangu, aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, aliniachia jozi ya spika ndogo za mbao za aina ya LS3/5A, ambazo kibandiko cha nyuma kinaonyesha omu 15 (kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme). Kwa spika hizo alisikiliza taarabu asilia kila usiku baada ya sala ya Isha, na mimi nimekua nikiijua sauti ya ala za kanuni na udi kupitia kwazo. Amplifaya yake iliharibika kabla hajafariki, na spika zikakaa zimefunikwa kwa muda mrefu.

Mwaka jana nilijikusanya nikanunua amplifaya ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa taa za kioo badala ya transista, yenye taa moja ya aina ya 300B kwa kila upande. Muuzaji aliniambia kwamba ina wati 8 na kwamba kwa sauti ya binadamu hakuna kinachoishinda. Ni kweli kwamba mwimbaji akiimba na udi peke yake napata utamu ambao sijapata kuusikia popote. Tabu huanza pale fidla zote zinapoingia pamoja na akodiani, kanuni na dumbaki. Hapo sauti hubanana kama watu wanaogombea mlango mmoja, besi huvimba bila mpigo wake kusikika, na nikiongeza sauti kidogo tu fidla huanza kukwaruza.

Muuzaji alikuja nyumbani kusikiliza. Alinifungia nyaya kwenye terminali (kishikizo cha waya wa spika nyuma ya amplifaya) iliyoandikwa 4, kwa maelezo kwamba ndiyo yenye nguvu zaidi, kisha akasema kwamba kilichobaki ni waya tu. Mimi natumia waya wa shaba wa kawaida, unene wa milimita 2.5 za mraba, urefu wa mita 5 kila upande. Yeye ananitaka ninunue waya wa fedha kwa shilingi milioni mbili na nusu, bei inayokaribia ya pikipiki. Fundi wa mtaani kwetu naye anasema kwamba waya hauna kosa, bali vipaza sauti vilivyomo ndani ya spika vimezeeka, na yuko tayari kuving'oa na kutia vipya vya dukani.

Spika nimeziweka juu ya kabati, mwisho wa chumba, na mimi hukaa upande wa pili, kama mita 4 hivi. Naomba unishauri kwa ukweli: ninunue waya, nimwachie fundi, au nikubali kwamba spika za baba zimepitwa na wakati?

Binti wa Mji Mkongwe

*

Waaleikum salaam, binti yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako.

Kabla ya maelezo yoyote, nakuomba usitoe hata shilingi moja kwa ajili ya waya huo, na usimruhusu fundi afungue spika hizo. Sababu za yote mawili nitakupa. Lakini lililonishtua katika barua yako ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba nyaya zako zimefungwa kwenye terminali ya 4, kwa kuwa nusu ya malalamiko yako inatoka hapo.

Taa ya 300B hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo wa umeme, ilhali spika huhitaji volti chache na mkondo mkubwa zaidi. Ndiyo maana ndani ya amplifaya kama yako kuna transfoma ya kutolea sauti, kazi yake ikiwa kugeuza umeme wa taa uwe umeme unaoifaa spika. Namba 4, 8 na 16 zilizoandikwa nyuma si ngazi za nguvu hata kidogo. Ni ukinzani wa spika inayotarajiwa kufungwa mahali hapo, kwa kipimo cha omu. Amplifaya ya wati 8 hutoa kiasi cha volti 5.7 kwenye terminali ya 4, volti 8 kwenye terminali ya 8, na volti 11.3 kwenye terminali ya 16. Spika ya omu 15 hainywi mkondo mwingi, kwa hiyo inachohitaji ni volti, na wewe umeifunga mahali penye volti chache kuliko pote. Ukipiga hesabu utaona kwamba katika zile wati 8 ulizozilipia, spika za baba yako zinapata wati 2 na ushei. Zikihamishiwa kwenye terminali ya 16 zitapata takriban wati 8 na nusu, yaani mara nne ya sasa, na hilo ni ongezeko la desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambalo sikio lolote litalitambua.

Uhamisho huo ufanye kwa uangalifu. Zima amplifaya, chomoa plagi ukutani, subiri ipoe, kisha uhamishe waya mwekundu wa kila upande kutoka 4 kwenda 16 na kuuacha mweusi mahali pake. Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu ikiwa spika haijafungwa, kwa sababu transfoma isiyo na mzigo inaweza kuungua, na transfoma hiyo ni moja ya sehemu za gharama kubwa kabisa za mashine yako. Kifuniko nacho usikifungue, kwa kuwa ndani yake kuna mamia ya volti ambayo yanaweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi.

Nimekupa nusu ya habari njema. Sasa nikupe na gharama yake. Kila amplifaya ina ukinzani wake wa ndani upande wa kutolea sauti. Amplifaya nyingi za transista zina ukinzani mdogo sana, sehemu ndogo ya omu moja, lakini ya 300B moja isiyo na mrejesho (njia ya kurudisha ndani sehemu ya sauti inayotoka ili kuirekebisha) inaweza kuwa na omu 2 au 3 kwenye terminali ya 8, na zaidi ya hapo kwenye ya 16. Ukinzani wa spika nao si namba moja iliyotulia kama kibandiko kinavyodai, bali hupanda na kushuka kadiri sauti inavyotoka kwenye besi kwenda kwenye nyembamba. Tuchukue mfano wa amplifaya yenye omu 3 inayoendesha spika ambayo mahali pengine ina omu 8 na mahali pengine omu 40. Pale penye omu 40 sauti itakuwa juu kwa desibeli 2 kuliko pale penye omu 8, ingawa aliyerekodi muziki hakukusudia hivyo. Spika ndogo ya sanduku lililozibwa, kama yako, hupandisha sana ukinzani wake pale besi yake inapokaribia kuisha, na waliobuni LS3/5A tangu mwanzo waliiachia uvimbe kidogo katika besi ya juu ili isisikike kavu. Uvimbe juu ya uvimbe ndiyo ile besi isiyo na mpigo uliyoieleza vizuri sana katika barua yako. Kwa sababu hiyo nakutaka usiishie kwenye terminali ya 16, bali uijaribu pia ya 8. Ya 16 itakupa nguvu zaidi, ya 8 itakupa besi iliyoshikika zaidi, na wewe mwenye masikio ndiye utakayeamua.

Sasa tuje kwenye spika zenyewe. LS3/5A zilibuniwa na wahandisi wa BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kazi waliyoitaka ilikuwa mahususi: kusikiliza matangazo ndani ya magari ya kurekodia nje ya studio, mahali ambapo fundi mitambo hukaa karibu kabisa na spika na hana nafasi ya sanduku kubwa. Waliijali kuliko yote sauti ya binadamu, wakiwa na uwezo wa kumsikia msemaji halisi kisha kulinganisha. Hapo ndipo utamu wa mwimbaji na udi unapotoka, na baba yako alijua alichokichagua. Lakini udogo huo ulikuwa na bei yake. Mimi hupenda kuzigawa spika katika nyepesi na nzito, si kwa kilo bali kwa umeme zinaohitaji ili zitoe sauti, na spika yako ni nzito. Ukiipa volti 2.83, kipimo ambacho watengenezaji hukitumia, na ukasimama mita moja mbele yake, itatoa kiasi cha desibeli 82 au 83. Kuna spika nyepesi, kama ile ya pembe ambayo Paul Klipsch aliibuni Marekani katika miaka ya 1940, ambazo kwa umeme huohuo hutoa kiasi cha desibeli 105. Tofauti ya desibeli 22 maana yake ni kwamba spika yako inahitaji umeme zaidi ya mara 150 ili ifikie sauti hiyohiyo. Watu waliotengeneza amplifaya za wati 8 katika enzi za majumba ya sinema walizitengenezea spika nyepesi za namna hiyo, na walikuwa na sababu nzuri. Amplifaya yako haina kasoro, na spika zako hazina kasoro. Zimeozeshwa tu bila wazee kuulizwa.

Kwa nyumba yako, hesabu iko hivi. Kwenye terminali ya 4, spika moja haiwezi kuzidi desibeli 88 au 89 kwa mita moja kabla fidla hazijaanza kukwaruza. Ukikaa mita 4, hata ukihesabu spika mbili na mwangwi wa kuta, hapo ulipo unafika kwenye desibeli 80 na kitu. Idadi hiyo inaonekana si mbaya, ila ni ya kilele, na kundi zima la taarabu likipiga kwa pamoja kilele kinaweza kupita wastani kwa desibeli 15. Kwa hiyo wastani unaoupata bila mikwaruzo haupiti sana sauti ya watu wawili wanaozungumza. Mwimbaji na udi wanaenea ndani ya nafasi hiyo, lakini kundi la fidla haliwezi kuenea.

Ndipo ninapofika kwenye waya, na hapa nitasema bila kuficha, kwa sababu nimechoka kuwaona vijana wakitozwa fedha kwa maradhi ambayo waya hauwezi kuyatibu. Waya wako wa shaba wa milimita 2.5, ukihesabu mita 5 za kwenda na mita 5 za kurudi, una ukinzani wa omu 0.07 tu. Mbele ya spika ya omu 15, waya huo unakula sauti isiyofika hata nusu ya sehemu moja ya kumi ya desibeli. Ule mfano wangu wa omu 8 na omu 40, ambapo amplifaya ya 300B ilibadilisha sauti kwa desibeli 2, ukiufanyia hesabu kwa upande wa waya utapata desibeli 0.06. Madini ya fedha kweli hupitisha umeme vizuri kuliko shaba, lakini kwa asilimia 6 hivi, na asilimia hizo unazipata kwa kununua shaba nene kidogo tu. Waya wa unene ulio nao ndio mafundi wetu huutumia kwa soketi za nyumbani, ingawa kwa spika ni vizuri uwe ule laini wa nyuzi nyingi ili usikatike unapokunjwa.

Sisemi kwamba waya hauna maana popote. Mtu mwenye spika za omu 4, akazivutia waya mwembamba wa milimita 0.75 kwa umbali wa mita 10, anapoteza karibu desibeli nzima na kuilegeza besi yake, na huyo nitamwambia abadilishe waya leo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba ukinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya ukinzani wa spika, na wako uko chini ya asilimia moja. Kuna pia nyaya zilizosukwa kwa ufundi unaozidisha kapasitansi (uwezo wa waya kuhifadhi chaji ya umeme), ambazo huzifanya baadhi ya amplifaya za transista zitetereke, kwa hiyo waya wa bei kubwa unaweza hata kuleta hasara. Kwa Unguja, ninachokiogopa zaidi ni hewa ya bahari. Tazama ncha za nyaya zako, na ukiona shaba imegeuka kijani, kata sentimita mbili au tatu, menya upya, kaza vizuri, na urudie hivyo kila mwaka.

Fedha ulizotakiwa kuzitoa kwa ajili ya waya ziache benki kwanza, na uhamishe kiti, jambo ambalo halina gharama. Ukitoka mita 4 ukaja mita 2, katika uwanja wazi ungepata desibeli 6, na chumbani utapata chache kidogo ya hapo, ila utaongeza kitu ambacho hesabu hizi hazikionyeshi, yaani kumsikia mpigaji kabla hujausikia ukuta. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na kuta zake za chokaa hurudisha sauti kwa ukali. Basi usiziache spika kule mwisho juu ya kabati. Ziteremshe kwenye stendi imara au meza ndogo mbili nzito, kipaza sauti kidogo cha juu kiwe usawa wa sikio lako ukiwa umekaa, zitenganishe kiasi cha mita moja na nusu, ziwe mbali na ukuta wa nyuma kwa nusu mita au zaidi, na utandike zulia au mikeka kati yako na spika. Besi itapungua uvimbe kwa hatua hiyo pekee.

Ukishafanya hayo, huenda ukaridhika, na nitafurahi sana. Ikiwa bado fidla zinakwaruza, basi ama amplifaya ama spika itabidi iondoke, na kwa kuwa spika ni urithi wa baba yako, jibu langu ni amplifaya. Tafuta ya transista iliyojengwa vizuri yenye wati 50 kwa omu 8, ambayo itakupa kiasi cha volti 20, yaani desibeli 5 juu ya ile ya 300B ikiwa kwenye terminali ya 16, na ukinzani wake mdogo wa ndani utaishika besi. Kama moyo wako hauwezi kuachana na valvu, zipo amplifaya zinazotumia jozi ya taa za EL34 kila upande, zenye wati 30 hadi 35, na hizo pia huwa na terminali ya 16 mara kwa mara. Hakikisha kabla ya kulipa. Usiende mbali sana ya hapo. Spika hizi hazitageuka kuwa za ukumbi wa harusi hata zikipewa wati 200, zitaungua tu. Peter Walker wa kampuni ya Quad alipotoa spika yake ya kielektrostati (inayotoa sauti kwa utando mwembamba wenye chaji ya umeme) mwaka 1957, kampuni yake ilikuwa na amplifaya ya wati 15 ya kuiendesha, na mtu aliyeifunga kwenye amplifaya yenye volti nyingi mno aliweza kuitoboa kwa cheche. Ile ya 300B usiiuze kwa hasira, kwa kuwa ukija kupata spika nyepesi utaijua thamani yake.

Imebaki hoja ya fundi wako, ambayo naamini aliitoa kwa nia njema. Mafundi wengi wa pwani wameona spika zenye ukingo wa sponji ukimong'onyoka kwa unyevu na joto, na wamezoea kutia vipaza sauti vipya kila wanapoona spika ya zamani. Zako si za namna hiyo. Kipaza sauti cha besi cha LS3/5A ya omu 15 ni KEF B110, ambacho ukingo wake ni wa mpira, na cha juu ni KEF T27. Kichujio kilichomo ndani, kinachogawa sauti kati ya viwili hivyo, kilipangwa kwa ajili yao hasa, na ukitia kipaza sauti kingine chochote utabaki na sanduku la baba yako bila sauti yake.

Njia ya kujua kama kuna spika mbovu ni rahisi. Tia rekodi ya zamani ya mono (yenye sauti ileile kwa spika zote mbili), sauti ya wastani, na usikilize kama mwimbaji anasimama katikati kabisa. Akielemea upande mmoja, zima kila kitu na ubadilishane spika, ya kulia ije kushoto. Elemeo likihama pamoja na spika, kosa limo ndani ya spika. Likibaki palepale, kosa liko kwenye amplifaya, taa au waya. Ikithibitika kwamba ni spika, usikimbilie dukani, kwa kuwa kampuni ya Falcon Acoustics ya Uingereza hutengeneza B110 na T27 kwa kufuata mfano wa zile za asili. Fanya jaribio hilo, kisha uniandikie terminali uliyobaki nayo, kama ni ya 8 au ya 16, na umbali wa kiti chako, ndipo tuzungumze juu ya amplifaya kwa jina na kwa bei.